Nimepewa faili la OpenFOAM lenye kila kitu ndani, mbona halitaki kuwaka?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa mwisho uhandisi wa maji, projekti yangu ni jinsi maji yanavyopita juu ya kizingiti kwenye mfereji wa umwagiliaji. Supavaiza kasema nitumie OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko ya maji na hewa, akanipa faili moja la .ova la kama GB 7, akasema humo kila kitu kishawekwa ni kulifungua tu na VirtualBox, ile programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Kwanza flashi yangu ya GB 32 iligoma kulibeba, eti faili kubwa mno, nikaazima diski ya mwenzangu. Sasa nikiliwasha linaleta VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Laptopu ni HP ya mtumba, Core i5, RAM GB 8, Windows 10, diski imebaki GB 60. Ninayekaa naye chumba anasema kompyuta ya ndani ya kompyuta inakula nusu ya spidi, bora nifute Windows niweke Ubuntu. Mwingine anasema Docker, mwingine WSL, eti nazo zinaendesha Linux ndani ya Windows. Mimi Linux sijawahi kuigusa na naogopa kupoteza vitu vyangu. Nifanyeje, na hii laptopu itaweza kweli?"*

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nikiyaweka pembeni maneno ya hao wa chumbani naona una hofu mbili tu, kwamba utaiharibu laptopu, na kwamba hata usipoiharibu yenyewe ni dhaifu. Hiyo ya kwanza kwa njia aliyokupa supavaiza wako haina msingi kabisa. Ya pili ina ukweli kidogo ila sio kwa sababu unazozidhania, tutafika huko.

Tuanze na flashi maana hii inawatesa wengi na watu wanaishia kununua flashi nyingine bure. Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani ambao ukubwa wa faili moja unaandikwa kwa namba ya biti 32, kwa hiyo faili moja haliwezi kuvuka GB 4 hata kama flashi yenyewe ina GB 32 tupu. Hamisha vitu vyako, ifomati upya kwa exFAT, litaingia. Na ukishakopi faili kubwa namna hii usiliamini kwa macho, fungua Command Prompt uandike `certutil -hashfile jina.ova SHA256`, itakupa mlolongo mrefu wa herufi na namba, mwambie supavaiza afanye hivyohivyo kwenye nakala yake mlinganishe. Ikitofautiana hata herufi moja basi faili liliharibika njiani. Faili lililoharibika sio lazima likatae siku ya kwanza, linaweza kuwaka vizuri tu halafu likakufia wiki ya tatu ukiwa katikati ya kazi.

Haya, hiyo error. Soma mwisho wake, DISABLED, imezimwa. Haisemi faili ni bovu wala kwamba laptopu yako haiwezi. Prosesa za Intel zina uwezo unaoitwa VT-x (za AMD wanauita AMD-V) unaoruhusu mfumo mgeni uendeshwe moja kwa moja na prosesa bila kuingiliana na mfumo mwenyeji. Uwezo upo ndani ya chipu ila una swichi kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya laptopu, kabla Windows haijawaka), na laptopu nyingi hasa hizi zilizotoka kwenye maofisi ya nje swichi hiyo inakuja imezimwa. Kuhakikisha fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, chini kulia utaona Virtualization imeandikwa Disabled. Ndio ugonjwa wako huo.

Tiba yake: zima laptopu kabisa, iwashe huku unagonga F10 (HP nyingi ni F10, Dell ni F2), ingia kwenye System Configuration utafute Virtualization Technology, iweke Enabled, sevu, toka. Dakika tano. Ila kabla hujagusa angalia kama diski yako imefungwa na BitLocker, maana ukibadilisha mambo ya bayosi Windows inaweza kushtuka ikakuomba ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48, na kama huna umejifungia nje ya nyumba yako. Utafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft uuandike kwenye karatasi.

Na ukikuta bayosi inadai paswedi, hapo acha. Usianze kubahatisha, usifungue laptopu kutafuta betri ndogo ya kuchomoa kwa sababu umeona video. Laptopu za mtumba nyingi zilifungwa na kampuni zilizozitumia mwanzo, na kwenye hizi za kiofisi kuchomoa betri mara nyingi hakusaidii chochote. Mrudie aliyekuuzia, au mpelekee fundi anayefanya kazi za bayosi, mkae naye uso kwa uso.

Sasa hilo faili lenyewe ni nini. `.ova` ni kifurushi tu, ndani yake kuna diski nzima ya kompyuta iliyogandishwa kama ilivyokuwa siku mwenyewe alipoifunga, pamoja na karatasi ndogo ya maelekezo inayosema hii kompyuta inataka RAM kiasi gani, kori ngapi, kadi gani ya mtandao. VirtualBox inasoma yale maelekezo inaijenga hiyo kompyuta upya ndani ya laptopu yako. Kwa Windows diski yake ni faili kama faili lingine lolote. Ukiingia humo ukafuta kila kitu, ukaharibu Linux yote mpaka haiwaki, umeharibu faili moja, picha zako na assignment zako ziko palepale. Hofu ya kupoteza vitu inamhusu anayefuta Windows au anayegawanya diski, yaani ule ushauri wa mwenzako wa chumbani ndio wenye hatari, huu wa supavaiza hauna. Kumbuka tu hiyo GB 7 imebanwa, ikifunguka itakuwa zaidi ya mara mbili na itaendelea kunenepa kadri unavyosevu matokeo, kwa hiyo ile .ova ukishaiingiza irudishe kwenye diski ya kuazima usiiache inakula nafasi.

Hili la nusu ya spidi. Kwa kazi ya mahesabu, na OpenFOAM ni mahesabu tupu, VT-x ikiwa imewashwa maagizo yanakwenda kwenye prosesa halisi moja kwa moja, unachopoteza ni kidogo hutakihisi. Kinachochechemea ni picha na diski, sio hesabu. Ila kuna sehemu mbili ambapo maneno ya mwenzako yanageuka kweli na zote unaweza kuzikwepa.

Ya kwanza ni kobe. Sifanyi utani, ukiwasha mashine pepe (hiyo kompyuta ya ndani) angalia zile ikoni ndogo chini kulia ya dirisha la VirtualBox, ukiona kobe wa kijani maana yake Windows yenyewe imeshaikalia ile VT-x (kwa Hyper-V, WSL2, au ile Memory integrity ya Windows Security) na VirtualBox imebidi ipitie kwake. Inafanya kazi ila inatambaa kama huyo kobe. Ndio maana nakwambia usiweke VirtualBox na WSL2 kwa pamoja ukitegemea zote zikimbie, chagua moja.

Ya pili ni tamaa ya kori. Windows itakuonyesha prosesa 4, mtu anaipa mashine pepe zote 4, anagawa kesi (foda ya mafaili ya tatizo unalokokotoa) vipande 4 kwa `decomposePar`, halafu anashangaa inakwenda polepole kuliko vipande 2. Core i5 nyingi za laptopu za zamani zina kori 2 halisi tu, hizo nyingine mbili ni kori zilezile zinazofanya zamu. Na hesabu za maji na hewa mara nyingi hazisubiri prosesa ikokotoe, zinasubiri data itoke kwenye RAM. Fikiria bomba moja la maji mtaani, ukiongeza ndoo foleni haipungui. Angalia Task Manager palepale ulipoangalia Virtualization, pameandikwa Cores, namba hiyo ndio ya kutumia. Kama ni 2 ipe 2. RAM ipe GB 4, Windows iachie 4, na funga Chrome unaporan kesi maana Chrome peke yake ni mpangaji msumbufu.

Kuhusu hizo njia nyingine, sitaki nikudanganye kwamba VirtualBox ndio bora kuliko zote. Kwa laptopu ya GB 8 ningekuwa naanza mwenyewe bila supavaiza ningekwenda WSL2, unaandika `wsl --install` unapata Ubuntu ndani ya Windows, haina dirisha zito la desktop, na RAM inachukua kadri inavyohitaji mpaka nusu ya uliyonayo. Ila unaiseti OpenFOAM mwenyewe, inataka bando, na kuna mtego ambao wageni wote wanaingia, wanaweka kesi zao kwenye `/mnt/c` yaani upande wa Windows. OpenFOAM inaandika vifaili vidogo vingi mno na kila kimoja kinavuka mpaka wa mifumo miwili, kazi ya dakika 10 inaweza kukufanya upike na ule kabla haijaisha. Kesi ziwe ndani ya `/home`. Docker kwa Windows yenyewe mara nyingi inakaa juu ya hiyohiyo WSL2, kwa hiyo kwako ni ghorofa juu ya ghorofa. Ni nzuri ukishazoea, mimi naipenda, lakini konteina (kile kijimazingira Docker inachokuwashia) ukiiwasha kwa `--rm` bila kuiunganisha na foda ya nje, ukitoka inafutika na kila ulichoandika ndani. Nilishawahi kupoteza siku nzima ya meshi (ile gridi ya seli ndogondogo ambamo hesabu inafanyika) hivyo na hakukuwa na wa kumlaumu.

Wewe tumia ya supavaiza. Sio kwa sababu ni ya kasi, ni kwa sababu toleo lililomo ndilo analolijua yeye, na hapa ndipo kwenye jambo ambalo naona hakuna aliyekwambia.

OpenFOAM sio programu moja. Ilianzia Imperial College London mwishoni mwa miaka ya 1980 ikiitwa FOAM, ikaachiwa wazi kwa wote mwaka 2004, na baadaye ikagawanyika ikawa na matawi. Tawi la OpenFOAM Foundation matoleo yake yana namba za kawaida, 8, 9, 10, 11 na kuendelea. Tawi la OpenCFD, ambalo lilikuja kuwa chini ya kampuni ya ESI, lina matoleo ya mwaka na mwezi, kwa mfano v2312 ni Desemba 2023, na wanatoa mawili kila mwaka, Juni na Desemba. Kuna na foam-extend pembeni. Ni ndugu wa baba mmoja ila kila mmoja keshajenga kwake, na mafaili ya kesi hayahami kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila marekebisho. Mfano, faili lililozoeleka kuitwa `turbulenceProperties` Foundation waliliita `momentumTransport` kuanzia toleo la 8, `transportProperties` likaja kuwa `physicalProperties`, na kuanzia toleo la 11 zile solva (programu zinazopiga hesabu yenyewe) kama interFoam walizigeuza kuwa moduli zinazoendeshwa na amri moja, `foamRun`, wakati wenzao wa OpenCFD wameendelea na `interFoam` kama kawaida.

Sasa mwanafunzi anaangalia video ya YouTube ya mtu mwenye v2312, anakopi mafaili, anayaingiza kwenye mazingira yenye toleo la 11, inalia cannot find file, anahitimisha kwamba mazingira aliyopewa ni mabovu. Anayatupa, anatafuta mengine, naye huyo mwenye video keshahama toleo. Nimeona watu wanapoteza mwezi hapo. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa ukishaingia, kabla hata ya kushangaa desktop, fungua terminali uandike `echo $WM_PROJECT_VERSION`. Jibu lake liandike kwenye daftari la projekti, na uliandike pia kwenye sura ya tatu ya ripoti yako. Kuanzia hapo mfano wowote unaoutaka uchukue kwenye foda ya tutorials iliyomo humohumo, `$FOAM_TUTORIALS`, hiyo haiwezi kugombana na toleo lako.

Na kwa projekti yako mfano umeshaandaliwa, unaitwa damBreak, nguzo ya maji inaachiwa ghafla inagonga kizuizi kidogo. Maji na hewa pamoja, uso wa maji unafuatiliwa kwa sehemu inayoitwa `alpha.water`, 1 ni maji 0 ni hewa. Kizingiti chako ni binamu wa huo mfano. Ukopi kwenye foda yako (usifanyie kazi kwenye ule wa asili), `blockMesh` ijenge meshi, `setFields` iweke maji mahali pa kuanzia, halafu solva. Meshi yake ya kawaida ni seli 2,268 tu, kwa laptopu yako ni kazi ya muda mfupi sana. Ukimaliza hapo umeshathibitisha mazingira yote yanafanya kazi, na kuanzia hapo kikiharibika kitu ni kesi yako, sio usakinishaji.

Kuangalia matokeo ndio sehemu ya kuudhi. ParaView, programu ya kuchora matokeo, inataka kadi ya picha ya kweli na mashine pepe ina ya kuigiza, unaweza kupata dirisha jeusi au likajifunga lenyewe. Usipigane nalo. Weka ParaView upande wa Windows, tengeneza foda ya pamoja kwenye VirtualBox, kesi ikiisha iandikie `touch kesi.foam`, hilo ni faili tupu tu, kopi foda nzima kwenda Windows na ulifungue hilo faili kwa ParaView. Kama Linux inakunyima ruhusa ya kuingia foda ya pamoja andika `sudo usermod -aG vboxsf $USER` urestati. Lakini kesi irani ndani ya Linux, foda ya pamoja ni ya kusafirishia tu, ukiirani humo unarudi kwenye ugonjwa uleule wa `/mnt/c`, na pia viungo vya Linux kwa kawaida vinagoma humo.

Laptopu itaweza? Tupige hesabu badala ya kubishana. Tuseme kipande cha mfereji mita 6 kwa urefu na mita 1 kwenda juu, seli za sentimita 1. Kwa pande mbili tu, yaani unene wa seli moja, ni 600 mara 100, seli 60,000. RAM ya makadirio ya haraka ni kama GB 1 mpaka 2 kwa kila seli milioni, kwa hiyo hapo hujaigusa hata robo ya ulichonacho. Kinachokula ni muda. Maji hayatakiwi kuruka seli nzima kwa hatua moja ya muda (namba ya Courant hiyo, `maxCo`), kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde na maxCo ya 0.5 hatua yako ni sekunde 0.0025, ukitaka sekunde 30 za mtiririko ni hatua 12,000. Inawezekana, iache usiku. Sasa ukisema ah ngoja niweke seli za nusu sentimita, seli zinakuwa mara 4 na hatua mara 2, kazi imezidi mara 8. Na ukitaka pande tatu kwa mfereji wa upana wa mita 1 ni seli milioni 6, hapo RAM yako imekwisha kabla hujaanza na hakuna mazingira ya aina yoyote, VirtualBox wala Ubuntu safi, yatakayokuongezea. Maji yanayopita juu ya kizingiti kilichonyooka upana mzima wa mfereji, pande mbili zinatosha kwa maswali mengi ya shahada ya kwanza. Kama kizingiti chako kina umbo la V, au mfereji unabanwa pembeni, hazitoshi, na hilo nenda ukaongee na supavaiza kwa mdomo na mchoro mkononi, umuulize pia kama idara ina kompyuta kubwa ya kurania hiyo kesi moja ya mwisho.

Umeme nao. Kwenye faili la `controlDict` weka `startFrom latestTime` na `writeInterval` (kila baada ya muda gani inasevu) isiwe kubwa mno, umeme ukikatika na betri ikachoka unaendelea pale ulipoishia. Zima ile sleep ya Windows pia, laptopu ikilala na mashine ya ndani inalala. Na kabla hujafanya jaribio lolote la ajabu humo ndani chukua Snapshot kwenye VirtualBox, ukiharibu unarudi jana kwa kubonyeza mara moja. Ila Snapshot sio nakala ya akiba, inakaa kwenye diski ileile, laptopu ikiibiwa imeondoka nayo. Foda za `system`, `constant` na `0` za kesi yako ni ndogo kabisa zinaingia hata kwenye email, jitumie kila jioni. Hayo matokeo mazito yanaweza kuraniwa tena.

Anza na bayosi leo. Ukikwama nitumie ujumbe wote wa error kuanzia juu, ukiwa umeukopi kama maandishi, pamoja na kile kilichojibiwa na `echo $WM_PROJECT_VERSION`, usinitumie picha ya skrini uliyoipiga kwa simu ikiwa imekata nusu ya maneno.